Firigisi ya Mgeni

Castory hakupenda kuongozwa. Mkewe Eugenia alilijua hilo tangu enzi za uchumba. Watoto wake walilijua, na hata manesi aliowabeba kila wiki kwenye gari la ofisi walilijua, maana aliyethubutu kumwambia "dereva, kata kulia hapo" aliambulia kununiwa mpaka mwisho wa safari. Barabara ilikuwa yake. Kazi ya abiria ni kukaa, kufunga mkanda na kumwachia mwenyewe.

Ndiyo maana Efrazia, binti wa kaka yake, alipokuja nyumbani kwao Kongowe na habari za safari ya baiskeli isiyo na kiongozi, Castory alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Efrazia alikuwa amefungua kijiofisi pale Kisarawe mjini. Alisoma mahali kwamba huko Italia watu wazima na akili zao huchukua likizo, wakapanda baiskeli siku nzima katikati ya mashamba ya zabibu. Hawana wa kuwaongoza, wana karatasi ya njia tu, na kila wanapofika kwa mama fulani wanakuta chakula cha pale pale kinawasubiri. Efrazia akajiuliza, kwani Vihingo hawapiki? Chole hakuna njia?

"Baba mdogo, nataka nyie wawili muwe wa kwanza kuijaribu," alisema. "Wenyeji nimeshaongea nao. Siku ya kwanza mnalala Vihingo kwa Mzee Mwinyijuma. Siku ya pili mnakula Chole kwa Bi Ashura, halafu mnarudi. Njia nimeiandika yote."

"Na kiongozi?"

"Hakuna. Mnajiongoza wenyewe."

"Hapo sasa umesema," akajibu Castory.

Eugenia alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Alisimamisha mkono, akamtazama mumewe kwa muda, kisha akaendelea kuchambua.

Kulikuwa na jambo ambalo Castory hakumwambia mtu. Kabla ya Pasaka alikwenda hospitali kutafuta miwani ya kusomea. Wakamkalisha mbele ya mashine, wakampa kitufe, wakamwambia abonyeze kila akiona kitaa kinawaka. Alibonyeza kwa raha zake, akidhani amefanya vizuri. Daktari, binti wa umri wa mwanawe, alitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine, akavuta kiti karibu. Ni presha ya macho, alimwambia. Katikati anaona vizuri, lakini pembeni pameanza kufungwa, na kushoto ndiko kulikozidi. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone ya kila jioni, maisha yake yote.

"Unafanya kazi gani, mzee?" daktari akauliza.

"Mkulima," akajibu Castory bila kupepesa.

Matone aliyapokea, akakificha kichupa ndani ya buti lake la mvua, nyuma ya mlango wa stoo, na kila jioni alijitia kwenda kutazama kuku. Kazini hakusema neno. Angesemaje? Gari lile aliliendesha tangu likiwa jipya, mpaka likajua harufu yake. Aliwapeleka manesi vijijini kuchanja watoto, na hakuwahi kugonga hata kuku. Ila tangu siku ya kitufe, usingizi wake haukuwa usingizi. Watoto hulikimbilia gari la chanjo, wengine hulikimbia, na wote hutokea pembeni. Castory alianza kuota mtoto anachomoka upande wa kushoto, na kila alipoamka alijiambia ni chakula kizito cha usiku.

Sasa alikuwa likizo, na Jumatatu alitakiwa arudi kwenye usukani. Ndipo akili yake ikamtungia ujanja. Ataipanda hiyo baiskeli ya Efrazia, njia asiyoijua, mbele ya mkewe. Akienda Vihingo na Chole na kurudi bila kukosea, basi daktari yule ni mtoto tu na mashine yake ni mbovu, na Jumatatu atawasha gari kwa roho nyeupe. Akikosea, hakutaka kufika huko kwenye akikosea.

Efrazia aliwaletea baiskeli mbili mpya za gia. Castory aliikataa ya kwake, akaitoa stoo baiskeli yake ya zamani, ile nzito yenye karia pana nyuma. Enzi za uchumba, kule kwao Mbinga, alikuwa na kama ile, akimrudisha nayo Eugenia kwao kila wakitoka kwaya, na mama mkwe alikuwa akiwasikia kwa kengele kabla hajawaona. Aliifuta vumbi, akaitia mafuta, akafunga funguo za gari la ofisi kwenye mkanda wake. Mkuu wake, Didas, aliziomba funguo hizo siku ya kuaga kwenda likizo, Castory akamwambia gari lile lina mambo yake, bora limsubiri mwenyewe.

Waliondoka Kongowe Jumamosi asubuhi, Castory mbele, Eugenia nyuma. Walivuka reli, wakaiacha kelele ya barabara kuu, wakaingia njia ya mchanga iliyopita katikati ya mikorosho na mashamba ya minanasi. Ulikuwa mwezi wa saba na jua lilikuwa la kistaarabu. Kila nyumba ilikuwa na machungwa yamepangwa mafungu mlangoni, na mihogo iliyomenywa imeanikwa juu ya paa. Castory alisikia miguu yake inachangamka. Shimo la mbele aliliona, jiwe la mbele aliliona, mbuzi aliyesimama katikati ya njia akimtafakari alimwona pia. Alipiga kengele kwa furaha.

Kituo cha kwanza kwenye karatasi kilikuwa kwa mama mmoja aliyewapikia mihogo kwa nazi na dagaa wa kukaanga pembeni, na chai ya mchaichai. Walikaa kwenye mkeka, magoti yakigusana, wakala kutoka bakuli moja. Eugenia alisifia nazi. Castory akasema hata hao Waitalia wangeacha zabibu zao. Eugenia alicheka mpaka chai ikampalia, na Castory akaona kumbe ni siku nyingi hajamchekesha.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Karatasi ilisema hivi: ukipita kisima cha pampu, utaona kibanda cha mkaa kushoto, hapo hapo kata kushoto. Kisima walikipita. Castory akaendelea kukanyaga, macho mbele, akisubiri kibanda. Walipita mikorosho, wakapita mikorosho mingine, wakaingia kwenye pori la miti mirefu ambako njia ilizidi kuwa nyembamba, hata ikawa ya mguu, na mwisho ikafia kwenye tanuri la zamani la mkaa. Castory alishuka, akavaa miwani yake ya kusomea, akaikunjua karatasi, akaisoma herufi kwa herufi. Kusoma hakukuwa na shida hata kidogo.

"Huyu mtoto hajui kuelekeza," alisema. "Kibanda hakuna."

"Kibanda tumekipita," akasema Eugenia.

"Wapi?"

"Kushoto. Pale alipokaa mama mwenye kanga ya njano. Amekupungia mkono, hukumjibu."

Castory alikunja karatasi polepole, akaitia mfukoni. "Mbona hukusema?"

"Ulisema hutaki kuongozwa, baba Evance."

Waligeuza. Castory akasema ni vumbi, akajipangusa macho kwa leso, na akaendelea kujipangusa hata pale ambapo vumbi halikuwepo. Safari hii aligeuza shingo kila baada ya hatua chache, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ikamuuma. Kibanda kilikuwa pale pale, kikubwa, kimeezekwa bati jipya, na magunia ya mkaa yamepangwa mbele yake. Mama wa kanga ya njano akapunga tena. Castory akampungia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Moyoni alijiambia kosa moja halihesabiki, dereva yeyote huweza kupitiliza kona.

Mzee Mwinyijuma aliwapokea kama ndugu waliopotea. Nyumba yake ilikuwa ya zamani pale Vihingo, baraza pana, ua umefagiliwa ukabaki michirizi ya ufagio. Castory alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kigoda. Mkewe, Bi Tatu, alimshika Eugenia mkono akampitisha uani kwa wanawake, na kuanzia hapo mume na mke hawakuonana mpaka chakula kilipoisha, maana katika nyumba ile wanaume hula barazani na wanawake hula ndani.

Hamisa, binti wa nyumba, alikuja na birika na beseni la kunawia. Alisimama upande wa kushoto wa mgeni, akasubiri. Castory alikuwa akimweleza Mzee Mwinyijuma habari za bei ya mbolea kule Mbinga, na aliendelea kueleza. Hamisa akasubiri. Mumewe, Abdala, akakohoa. Ndipo Castory alipogeuka, akashtuka, akatoa mikono kwa haraka na kuomba radhi.

Sinia lilikuja limejaa wali wa nazi, kisamvu katika bakuli, na kuku wa kienyeji aliyeungwa akaiva vizuri. Walikaa watatu kulizunguka, Mwinyijuma, Abdala na mgeni. Mzee alizungumza sana, na alikuwa mtu wa kumtazama anayezungumza naye usoni, kwa hiyo Castory naye akamtazama usoni kwa adabu, akila taratibu. Chakula kilikuwa kitamu. Hata hivyo kulikuwa na kitu kinamsumbua, na alijionea haya kukifikiria. Hakupewa firigisi.

Kwao, kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi ni ya mgeni. Hata uwe umekuja kudai, utawekewa. Alidhani na huku Pwani ni hivyo hivyo, na kwa jinsi alivyopokelewa, alikuwa na hakika. Lakini kila alipolitazama sinia aliona paja, aliona kidari, firigisi hakuiona. Pengine wameila wenyewe jikoni. Pengine kwao ni ya mwenye nyumba. Akajikaza, akaendelea kusifia kisamvu.

"Kula, mgeni," akasema Mzee Mwinyijuma, akalitikisa sinia kidogo kwa kidole. "Usiache kitu."

"Nimeshiba, mzee. Mungu awabariki."

"Umeshiba kabisa?"

"Kabisa."

Abdala alimtazama mkwewe. Mzee naye akatazama chini, akasukuma sinia kwa Hamisa alirudishe uani. Mazungumzo hayakurudi yalivyokuwa. Mzee alisema ana shughuli zizini, akaondoka mapema, na Castory akabaki na Abdala wakizungumzia mvua, kila mmoja akitafuta la kusema.

Magharibi ilipoingia, walipewa chumba cha mbele. Castory alikaa kitandani akivua viatu.

"Watu wazuri hawa," alisema kwa sauti ya chini, "ila firigisi hawakunipa."

Eugenia alikuwa akikunja kitenge chake. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Hawakukupa," alisema.

"Si kwamba nailalamikia. Nasema tu."

Eugenia alizima taa, akalala akimpa mgongo, na Castory alifikiri amechoka kwa safari.

Asubuhi waliaga. Bi Tatu aliwafungia vitumbua kwenye mfuko, lakini aliwapa akiwa ametazama pembeni, na Mzee Mwinyijuma alisema "haya, safari njema" kama mtu anayemaliza wajibu. Castory aliliona hilo, akalitupa nyuma. Leo alikuwa na Chole mbele yake. Jana ni kosa moja, ile ya birika haimo kwenye mtihani, na leo atakwenda kama mshale.

Njia ya kwenda Chole ilikuwa pana na ngumu mwanzoni, kisha ikaanza kuteremka bondeni. Castory aliiachia baiskeli. Upepo ulimpiga kifuani, funguo zikalia kiunoni, na kwa muda ule alisahau daktari na kitufe chake. Mbele, upande wa kulia, aliona shimo limejaa mchanga laini. Hilo aliliona mapema sana, na alijisifu kwa kuliona. Akalikwepa kwa kukata kushoto.

Kitu kizito kilimpiga ubavuni. Usukani ulimtoka mikononi, akasikia chuma kinagongana na chuma, na sauti ya mkewe ikisema "Yesu" mara moja, kwa mshangao zaidi kuliko kwa hofu. Castory alijikuta magotini kwenye mchanga. Eugenia alikuwa amelala kwenye majani ya pembeni, mguu mmoja chini ya baiskeli mpya ya Efrazia, na gurudumu la mbele la baiskeli hiyo limepinda.

"Umetokea wapi?" ndilo neno la kwanza lililomtoka Castory.

Eugenia alijivuta akakaa. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu. Alikitazama, kisha akamtazama mumewe.

"Sijatokea popote," alisema. "Nilikuwa hapa. Tangu kule juu kwenye michungwa nilikuwa hapa, kushoto kwako. Nimekupungia mkono. Nimeupunga tena. Nilitaka ugeuke unione."

Castory alifungua kinywa amwambie kwamba alikuwa anakwenda kasi, kwamba mtu hapiti kushoto, kwamba ni shimo. Maneno yote yalikuwa tayari, aliyajua, aliyasikia kwa madereva wengine miaka yote. Mara ngapi amewakuta wamesimama kando ya barabara, mikono kichwani, wakisema sikumwona. Alikuwa akiwasonya. Kama hukumwona, alikuwa akiwauliza, ulikuwa unatazama nini?

"Sikukuona," alisema.

Eugenia alisubiri.

"Kushoto sioni, mama Evance. Na kulia pamepungua. Ni presha ya macho. Nimeambiwa kabla ya Pasaka."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kichupa kilichomo kwenye buti nimekiona siku nyingi. Nikakisoma, nikaenda kuuliza duka la dawa ni cha nini. Nikasema nisubiri, ataniambia. Kila ulipokwenda kutazama kuku nilisema leo akirudi ataniambia. Wewe ulikuwa unarudi na habari za kuku." Alifuta damu kwa ncha ya kitenge. "Sikujua ni kiasi gani. Nimejua jana."

"Kwa sababu ya kibanda?"

"Kwa sababu ya firigisi."

Castory hakuelewa.

"Ulipewa," alisema Eugenia. "Sinia liliporudi uani, firigisi ilikuwa ukingoni, nzima. Bi Tatu mwenyewe aliiweka upande wako, kushoto, kabla chakula hakijatoka, na kwao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Aliishika mkononi akaniuliza, mama, tumewakosea nini? Nikadanganya kwamba tumbo lako haliko sawa. Halafu ukaja chumbani ukaniambia hukupewa." Akafuta tena kiwiko. "Wewe huachi firigisi hata ukiwa na malaria, baba Evance. Nimekupikia miaka yote. Nililala macho wazi nikitazama ukuta."

Castory alikaa chini kwenye mchanga. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikula chakula cha watu, akawatukana kwa adabu zote, akaondoka akiwasema. Na mkewe yuko hapa, damu inamtoka, kwa mkono wake yeye ambaye hakuwahi kugonga hata kuku. Alianza kulia, na hakujificha.

"Nisipoendesha," alisema, "nitakuwa nani? Watanikalisha pale getini na walinzi, nihesabu magari ya wenzangu."

"Sijui utakuwa nani," akajibu Eugenia. Hakumbembeleza. "Naogopa na mimi. Ila mimi nimeinuka nikakwambia nilikuwa wapi. Mtoto wa chanjo hangekwambia."

Castory alimfunga kiwiko kwa leso yake, akamsaidia kusimama. Kifundo cha mguu wa Eugenia kilikuwa kimeanza kuvimba, asingeweza kukanyaga. Chole ilikuwa mbali bado. Vihingo palikuwa karibu. Walimpigia Efrazia amwombe radhi Bi Ashura, wakaiegemeza ile baiskeli iliyopinda kwenye mkorosho. Castory akashika usukani wa baiskeli ya zamani, akaipigapiga karia kwa kiganja.

"Panda," alisema. "Miguu ninayo. Macho utanipa wewe."

Eugenia alikaa upande, kama alivyokuwa akikaa Mbinga, mkono mmoja kiunoni pa mumewe. Penye mlima walishuka, Castory akasukuma huku mkewe akimwegemea. Penye tambarare walipanda, kwa mwendo wa polepole. Eugenia alisema kila kilichokuwepo. Kulia mbuzi wawili wamefungwa. Kushoto mwanamke ana ndoo, mwachie nafasi. Kushoto michungwa. Kulia mzee ametusalimia, mwitikie. Castory aliitikia, akaacha nafasi. Miaka yote alikuwa akiwanunia watu kwa maneno kama hayo, na sasa aliyasikiliza moja moja, akashangaa kumbe njia ina watu wengi kiasi hiki. Kuna mahali Eugenia alinyamaza kidogo.

"Kushoto kuna nini?" akauliza Castory.

"Miguu yangu tu. Endesha."

Mzee Mwinyijuma alikuwa barazani akichonga mpini wa jembe. Alipowaona wanarudi baiskeli moja watu wawili, aliweka panga chini akaja. Bi Tatu alitoka uani, akamwona Eugenia anachechemea, na chochote kilichokuwa moyoni mwake tangu jana kikakaa pembeni. Alimpokea, akaagiza maji ya moto na chumvi, wakaingia ndani. Abdala akachukua kamba, akaenda kuifuata baiskeli.

Castory alibaki amesimama mbele ya mzee. Hakukaa hata alipoonyeshwa kigoda.

"Mzee, nina neno," alisema. "Jana mliniwekea firigisi."

"Tulikuwekea."

"Sikuikataa. Sikuiona. Macho yangu yana ugonjwa, pembeni hayaoni, na firigisi ilikuwa pembeni. Hata Hamisa na maji yake sikumwona. Nimewatia simanzi bure, nakuombeni radhi wewe na mama."

Mzee Mwinyijuma alikaa kwenye ukingo wa baraza kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

"Wewe bwana," alisema, "mwenzangu hakulala. Ameniamsha kuniuliza kama kuku alichinjwa vibaya. Ameniuliza kama ni chumvi. Nikamwambia labda mgeni wetu ni Mkristo ana mambo yake. Tumekutafutia sababu mpaka alfajiri." Akatikisa kichwa. "Kumbe ungesema tu, nikuzungushie sinia."

"Sikuwa nimemwambia mtu, mzee."

"Basi umeshasema."

Ni kweli, alikuwa ameshasema, na aligundua mara ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Alitoka akasimama nje ya ua, mahali ambapo mtandao ulishika, akampigia Didas. Alimweleza bila kuzungusha. Alimwambia kwamba hospitali alidanganya kazi yake, kwamba ameendesha na manesi ndani tangu Pasaka akijua, na kwamba hatakaa tena nyuma ya usukani. Didas akasema, kwa sauti ya kazini, kwamba hilo ni jambo kubwa na litabidi liandikwe. Kisha akaongeza kwa sauti nyingine, "Pole, Castory. Jumatatu uje, tuzungumze. Na funguo?"

"Nitazileta."

Alizifungua kwenye mkanda, akaingia mpaka mlango wa uani, akabisha hodi. Eugenia alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu ndani ya beseni. Castory alimpa funguo. Eugenia alizipima uzito kiganjani, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kiuno cha Castory kilibaki chepesi ajabu, na hakupenda wepesi ule. Ilimuuma. Iliendelea kumuuma aliporudi barazani, na hakujidanganya kwamba itapona kesho.

Bi Tatu aliagiza kuku mwingine achinjwe. Wageni walikataa, mzee akawaambia hilo si lao kulikataa. Sinia lilipotoka, Hamisa alikuja na birika mbele ya mgeni, si ubavuni. Watatu wakakaa, Mwinyijuma, Abdala na Castory. Firigisi ilikuwa ukingoni, mahali pake, kama mgeni yeyote anavyowekewa. Mzee Mwinyijuma alilishika sinia kwa mikono miwili akalizungusha taratibu, kisamvu kikapita, paja likapita, mpaka firigisi ikafika mbele ya Castory, katikati kabisa, pale ambapo macho yake yalikuwa bado yake.

Castory aliitazama. Aliichukua, akaimega, nusu akaiweka mdomoni. Ilikuwa laini, imekolea chumvi na ndimu. Nusu nyingine aliiweka juu ya wali kidogo kwenye kibakuli, akamwita Hamisa.

"Mpelekee mama Evance," alisema. "Mwambie imetoka kwangu."

Abdala aliinua uso kwa mshangao, maana firigisi ya mgeni haikuwahi kugawanywa katika nyumba ile, achilia mbali kupelekwa uani. Mzee Mwinyijuma alimkonyeza asiseme kitu. Hamisa akaondoka na kibakuli. Walisikia minong'ono ya wanawake, kisha kicheko cha Bi Tatu.

Hamisa alirudi na kibakuli kitupu.

"Amesema nini?" akauliza Castory.

"Amesema nikwambie ameiona."